Damu Iliyokataa Baridi

Shemeji yangu alifanya kazi kiwanda cha barafu tangu ndevu zake zinahesabika mpaka zilipoota mvi, na mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na wazazi wake. Tulimwita Barafu. Watoto wake wakawa watoto wa Barafu, dada yangu aliyeolewa naye akawa mke wa Barafu, na mimi, mshona nguo niliyepanga chumba cha uani kwao, nikawa shemeji yake Barafu, ingawa wapo waliosema kwa mdomo huu ningefaa zaidi kuitwa Pilipili. Sikatai. Nikiudhika nasema, na haya ninayosimulia yameniudhi kuliko jambo lolote maishani mwangu.

Kazi yenyewe niliiona kwa macho yangu, maana dada akibanwa mimi ndiye niliyempelekea mumewe chakula. Ndani ya kiwanda kuna bwawa la maji ya chumvi, yamepozwa na mitambo hadi yana baridi kuliko barafu yenyewe, ila hayagandi kwa sababu ya ile chumvi. Humo wanatumbukiza makopo marefu ya chuma yaliyojaa maji safi. Maji ya ndani ya kopo yakishaganda, winchi inalinyanyua, linachovywa kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, na pande la barafu linateleza nje, refu kama benchi la shule. Shemeji ndiye aliyelipokea. Ndoano mkononi, gunia begani, mabuti ya mpira miguuni, alilivuta na kulisukuma kwenye njia ya mbao mpaka kwa wenye magari wanaosubiri. Glavu walipewa, yeye hakuvaa. Alisema glavu zinamfanya asijue kama barafu imeiva, utadhani alikuwa akipika maharage.

Kila jioni alirudi na kipande ndani ya ndoo, kimefungwa gunia. Kipande hicho ndicho kilichokuwa zahanati ya nyumba. Goti la mtoto likivimba, barafu. Jino likiuma, barafu. Mtoto akichemka kwa homa, shemeji alimpakata mwenyewe, akamkanda kwa vitambaa vyenye barafu kwenye paji la uso na makwapani mpaka usingizi umchukue. Watu husema dawa ya moto ni moto. Nyumba ile haikuitambua methali hiyo hata kidogo. Majirani nao walikuja na mabakuli yao, na sikumbuki amewahi kumnyima mtu. Wenzake kiwandani aliwafundisha namna ya kumpoza mwenye homa kali: makwapa, kinena, shingo, nyayo. Walimsikiliza kama mwalimu.

Mtu aliyemwamini kuliko wote alikuwa Wifi Mkubwa. Huyu ni dada yake wa kuzaliwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, akambeba mgongoni naye mwenyewe bado mtoto. Alikuwa mjane, akiishi mtaa wa pili, na kila alipoingia kwetu alipitisha kidole juu ya kabati kuangalia vumbi. Mimi na yeye tulikuwa paka na panya. Alisema dada yangu hajui kumlisha mumewe. Mimi nilisema basi angeolewa naye yeye. Dada alitunyamazisha wote wawili.

Ugonjwa niliuona mimi kwanza, bila kujua ninachokiona. Nilikuwa nampima kola ya shati, nikaona ncha za masikio yake zimekuwa za zambarau.

"Shemeji, siku hizi unajipaka wanja masikioni?"

"Ndiyo fasheni mpya," akasema. "Wewe fundi mzima umepitwa."

Tulicheka. Alipokunywa chai na kukaa juani, masikio yakarudi rangi yake, nami nikaendelea na kola yangu. Baadaye ikawa vidole. Akitoka kazini vilikuwa vimepauka, kisha vikawa bluu, na kikombe alikishika kwa viganja viwili kama mtoto. Kisha ikaja pumzi. Mtu aliyebeba mapande ya barafu begani alianza kupumzika katikati ya ngazi tatu za mlango wetu, akijifanya anatazama mawingu. Macho yakaingia manjano. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba Barafu anakunywa kwa siri, ini limekwisha, na maskini hajawahi kuonja hata tone.

Dada aligundua mengine. Mumewe alikuwa amekuwa mwepesi mno wa kumwaga maji chooni. Asubuhi moja aliwahi kabla hajamwaga, akakuta mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Alipomuuliza, shemeji akasema labda ni dawa ya kikohozi. Mficha maradhi kilio humuumbua, dada akamwambia, akamvalisha viatu yeye mwenyewe, akampeleka zahanati.

Zahanati walimpa dawa ya malaria ingawa malaria haikuonekana. Kisha wakasema damu imepungua: ale mboga za majani, anywe juisi ya kiazi chekundu, anywe na ile dawa ya maji ya kuongeza damu. Dada ni mpishi wa shule, kupika ndiyo kazi yake. Alimpikia majani mpaka shemeji akasema kesho ataanza kulia mee. Alikula yote. Damu haikupanda. Wifi Mkubwa akapata pa kusemea, akaanza kuja na sufuria yake mwenyewe.

Tukaenda hospitali ya mkoa. Huko kila alipotolewa damu, tuliambiwa imeharibika, arudi atoe nyingine. Imeganda, walisema. Mara ya kwanza tukavumilia. Iliporudiwa, nikaenda dirisha la maabara.

"Dada, damu za watu mnazihifadhi vipi humo, mnazipikia jeli?"

"Mama, sisi tunazipokea hivyo," yule mhudumu akajibu, amechoka, hana hata nguvu ya kugombana. "Za wengine hazina shida. Ya mgonjwa wenu tu."

Kiyoyozi kilikuwa kinavuma juu ya kichwa chake, na mabomba madogo ya kioo yenye damu yamepangwa chini yake. Mimi nilikiona kile kiyoyozi. Nilikiona, nikafikiria tu jinsi wao wanavyofaidi ubaridi na sisi tunaiva kwenye benchi.

Daktari wa damu alikuwa mwanamke mfupi, sauti yake ndogo, anaketi kitandani kwa mgonjwa kama ndugu. Aliviangalia vidole vya shemeji, akayaangalia masikio, akauliza kazi.

"Kiwanda cha barafu," akasema shemeji.

Daktari akachukua sindano. Akamtoa damu yeye mwenyewe, akaomba glasi ya maji yenye barafu kutoka kantini. Alilitumbukiza lile bomba dogo ndani ya glasi, tukasubiri, akalitoa akaliinamisha mbele yetu. Damu ilikuwa imejaa chengachenga, kama uji uliokorogwa vibaya. Kisha akalifumbata kiganjani. Alilishika huku akimuuliza dada habari za watoto, halafu akafumbua kiganja. Chenga zote zimeyeyuka. Damu ilikuwa laini, inateleza kwenye kioo kama ya mtu yeyote.

"Haikuharibika maabara," akasema. "Inashikana ikipoa."

Wifi Mkubwa alikuwa amesimama upande wa miguu, mkoba kifuani. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu.

"Huu ugonjwa ni wa ukoo? Maana kwetu haupo."

"Ipo aina ya ukoo, mama," daktari akasema, na akaanza kutueleza taratibu. Chembe nyekundu za damu zinatengenezwa ndani ya mifupa, zinaishi miezi kama minne, zikizeeka zinavunjwa na nyingine zinachukua nafasi. Za shemeji zilikuwa zinavunjwa kabla ya umri wao. Mifupa inatengeneza mbiombio lakini haiwahi, na ule weusi wa mkojo na ile manjano ya macho ni mabaki ya chembe zilizovunjika. Ndiyo maana mboga za dada hazikufua dafu. Damu haikukosa chakula, ilikuwa inabomolewa.

"Yule kijana wa kitanda cha dirishani ana selimundu," akaendelea. "Amezaliwa nayo, kaipata kwa baba na kwa mama. Chembe zake zikikosa hewa zinapinda kama mundu, zinaziba njia, zinavunjika. Wengine wanazaliwa na chembe zenye ngozi dhaifu. Zinaviringika kama gololi, zikipita kwenye wengu zinakamatwa. Wengine wana upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe. Huyo anaweza kuishi miaka asijue lolote, mpaka siku ameze dawa fulani, au mtoto afunikwe nguo zilizokaa na vidonge vya kufukuza nondo, na chembe zinapasuka kwa mkupuo."

Hapo nikashtuka mimi, maana sanduku langu la vitambaa nimelijaza vidonge hivyo, na nimeshona nguo za vichanga wasio na idadi. Nilitaka kuuliza, nikaona si zamu yangu.

"Lakini wa mdogo wangu?" Wifi Mkubwa akasisitiza.

"Wa mdogo wako hakuzaliwa nao. Ukubwani chembe zinavunjwa na mengi. Malaria inazipasua. Sumu ya baadhi ya nyoka inazipasua. Damu isiyo ya kundi lako ukiongezewa kwa makosa. Hata vali ya bandia ya moyo inaweza kuzigonga mpaka zikatike. Wa mdogo wako si yote hayo. Mwili wake umejigeukia."

Wifi Mkubwa akashusha mkoba. Ukoo ulikuwa umepona.

"Umejigeukia vipi?" dada akauliza.

"Mwili una askari wa kupigana na vijidudu. Sasa hawa askari wanaziona chembe zake mwenyewe kuwa adui. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa wagonjwa wengi wa namna hii, askari hao wanashambulia kwenye joto la kawaida la mwili, na tunavyo vidonge vya kuwatuliza, wengi wanapata nafuu. Wa mzee ni wa aina ya nadra. Kwenye joto wamelala. Damu ikipita kwenye vidole, puani, masikioni, ikapoa, wanaamka. Hao vile vidonge hawavisikii."

Shemeji alikuwa anatazama viganja vyake. "Daktari, hii barafu ndiyo imenilipia mahari, imenisomeshea watoto. Leo ndiyo imenigeuka?"

"Barafu haikukupa ugonjwa, mzee. Ni nini kilichowageuza hao askari, wakati mwingine tunakiona: nimonia, au saratani ya damu iliyojificha. Kwako tumetafuta, hatukukiona. Sijui. Ninalolijua ni kwamba baridi inawaamsha."

Lile "sijui" lilinipa hasira wakati ule. Mtu amesoma hadi nywele zimempungua, amehesabu magonjwa ya damu ya dunia nzima, na akifika kwa shemeji yangu anasema sijui. Dawa ipo, alisema, sindano ya kuwapunguza wale askari, lakini haipatikani hapa. Hospitali kubwa nayo huipata kwa msimu. Ameomba. Tusubiri. Wakati tunasubiri, mzee asiguse baridi, asiinywe, asiikalie, ameze vidonge vya kusaidia mifupa kutengeneza damu.

Tukarudi nyumbani na mtu wa barafu aliyekatazwa barafu.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mtu mwema, akampa kazi ya kukaa getini kuangalia magari. Lakini kila lango la chumba cha barafu lilipofunguliwa, ule ubaridi ulimfikia, na haikupita wiki akaanguka kwenye kiti chake. Akabaki nyumbani. Nilimshonea glavu za flana na kofia ya kufunika masikio, na jua linawaka utosini. Watu walipopita walimwambia, "Barafu, naona umeyeyuka!" Mwanzoni alijibu, "Bora niyeyuke kuliko nisagwe." Baadaye aliacha kukaa barazani. Alikaa chumbani, kofia kichwani, akisikiliza watoto wakirudi shule. Ile ndoo ya jioni ikageuzwa ya kufulia. Mtoto wao wa mwisho alilalamika kwamba maji ya kunywa siku hizi yana moto, dada akamfinya, na shemeji akasikia. Nilimwona akigeukia ukutani.

Kila wiki dada aliuliza ile sindano. Kila wiki jibu lilikuwa bado. Sisi tulikuwa tumefanya yote tuliyoambiwa, na mtu alikuwa anapungua mbele yetu.

Nikuambie jinsi ilivyotokea, na nitajitahidi kumtendea haki kila mtu, ingawa siku ile sikumtendea haki hata mmoja.

Shemeji aliamka na kikohozi. Dada akamwachia chai kwenye chupa, akaenda kuwapikia wanafunzi, akiniachia agizo nimtazame. Nikamtazama, alikuwa amejifunika, anasema yuko sawa. Mchana nikatoka kupeleka sare za shule kwa mwenyewe. Nyuma yangu akaingia Wifi Mkubwa na uji. Alimkuta anawaka. Si homa ya kugusa ukasema ana joto. Alisema ukiweka mkono kifuani unautoa. Kifua kinakoroma, midomo imekauka, macho yamepanda juu. Na shemeji akamshika kanga akasema, "Dada, naungua. Niletee barafu."

Wifi Mkubwa si mjinga. Maneno ya daktari aliyasikia kama sisi. Lakini aliyapima. Daktari alimkataza baridi mtu aliyekuwa anapoa. Huyu sasa hapoi, anaungua. Mdogo wake, bingwa wa homa wa mtaa mzima, ndiye anayeomba, na kwa maisha yake yote hakuwahi kuomba barafu akakosea. Angefanya nini? Alikimbia mwenyewe hadi kiwandani, kwa umri wake, kandambili moja mkononi.

Kiwandani kusikia Barafu anaungua, kazi ilisimama. Wao walichoelewa siku zote ni kwamba mwenzao amekatazwa kubeba, amekatazwa kusimama kwenye chumba cha baridi. Kazi ndiyo iliyokatazwa. Walimchagulia pande bora kuliko yote, lililoganda taratibu, linapenya macho hadi upande wa pili, wakalivunja vipande kwa ndoano, na msimamizi akalileta kwa gari lake mwenyewe. Wakampangia kama alivyowafundisha. Makwapa, kinena, shingo, nyayo. Vipande vingine wakamfumbatisha viganjani.

Niliporudi, ua ulikuwa umejaa wanaume wa mabuti, wanaongea kwa sauti ya chini, wametulia kama watu waliomaliza kazi ngumu vizuri. Wifi Mkubwa alitoka chumbani akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono.

"Amelala," akaniambia. "Homa imeshuka kabisa. Njoo umwone."

Ni kweli homa ilikuwa imeshuka, na hilo nalo lazima niliseme. Uso wake ulikuwa umelegea, ametulia kuliko miezi yote ile. Nikafunua shuka. Vidole vya mikono na vya miguu vilikuwa rangi ya bilinganya, na masikio, na ncha ya pua. Nilipiga kelele hadi wale wanaume wakaingia. Nilitupa barafu ukutani, nikamlalia kifuani nimpe joto, nikawatukana wote, na Wifi Mkubwa amesimama katikati ya vipande sakafuni anarudia neno moja, "Lakini alikuwa na moto. Lakini alikuwa na moto."

Hospitali walipomwekea mpira wa mkojo, ulitoka mweusi. Daktari wa damu alikuja anakimbia. Aliangalia vidole, akagusa shingo, ikawa bado imelowa.

"Nani amemwekea barafu?" akauliza.

Tulikuwa watu wengi pale mlangoni. Msimamizi wa kiwanda aliinama. Mimi nilimgeukia Wifi Mkubwa, na Mungu anajua nilikuwa tayari kumnyooshea kidole. Sauti ikatoka kitandani, nyembamba, pumzi inakatika.

"Mimi," shemeji akasema. "Niliagiza mwenyewe."

Daktari hakuuliza tena.

Ilihitajika damu. Wanaume wa kiwanda walikunja mikono ya mashati wakapanga foleni hadi nje, na walitoa kwa moyo mmoja. Lakini maabara kila walipoipima damu ya mtu na ya shemeji pamoja, wale askari wake waliirukia. Walirukia ya kila mtu. Ilichukua muda mrefu kupata ambayo ingalau ingejaribiwa. Na damu hukaa kwenye friji, kwa hiyo haikufaa kumwekea hivyohivyo. Na mashine ya kupasha damu ilikuwa imeharibika muda mrefu, hakuna aliyejua tangu lini. Daktari akaagiza beseni la maji ya uvuguvugu, mpira wa damu ukapitishwa humo, muuguzi akakaa na kipimajoto. Maji yakipoa, damu ingemwamsha adui. Yakizidi moto, chembe zingepasuka zenyewe. Kazi ya dada ilikuwa kuleta maji ya moto kwenye chupa, kazi yangu kumfunika mablanketi. Wifi Mkubwa alikaa sakafuni, karibu na miguu ya mdogo wake, amezishika nyayo zake ndani ya viganja, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Damu iliingia tone kwa tone. Daktari alipima, akapima tena.

"Tunaongeza, inavunjika," akamwambia dada, bila kuficha.

Dada alimuuliza kama ile sindano imekuja. Daktari akapiga simu hospitali kubwa tukiwa tunasikia. Akasema ndiyo, ndiyo, naelewa, akakata. Alikaa ameishika simu. La kuvunda halina ubani.

Alikufa asubuhi yake, wakati wauguzi wanabadilishana zamu. Mimi nilikuwa nimekwenda kujaza chupa ya maji. Niliporudi na maji yangu ya uvuguvugu, hayakuwa na kazi tena.

Kabla hatujaondoka, dada alimwuliza daktari jambo moja tu, naye Wifi Mkubwa akiwa karibu, amejifunika uso. Aliuliza ni nini kilichomuua.

"Alikuwa na nimonia kali," daktari akasema. "Nimonia peke yake ingeweza kuwaamsha askari wake hata kama asingeguswa na kitu. Na barafu peke yake ingeweza. Vyote viwili vilikuwapo. Siwezi kuwatenganishia. Hakuna mtu anayeweza."

Basi. Mwanamke aliyeweza kututajia kila kinachovunja damu ya binadamu, cha kuzaliwa na cha ukubwani, hakuweza kututajia hiki kimoja tulichokihitaji. Sikumkasirikia safari hii. Hasira yote niliihifadhi kwa mtu mwingine.

Niliihifadhi vizuri. Wakati wa msiba, watu wakimpa Wifi Mkubwa pole, wakimwambia kazi ya Mungu haina makosa, mimi nilikuwa napika kimya na maneno yangu yamejipanga mdomoni. Nitamwambia: ulikatazwa. Nitamwambia: ulisikia kwa masikio yako. Nilingoja tu watu watawanyike, kwa heshima ya dada.

Watu wakatawanyika. Nikiwa chumbani kwangu nakunja vitambaa, mlango ukafunguliwa, akaingia yeye. Hakupitisha kidole mahali popote. Alikaa juu ya furushi la nguo za wateja, miguu imenyooka kama ya mtu aliyetembea sana.

"Wewe hunipendi," akasema.

"Wifi, si wakati wake huu."

"Hunipendi, na sikulaumu. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine wote wananiambia Mungu kapanga. Mke wake nikimuuliza ananikumbatia. Wewe husemi uongo hata kwa mfalme." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Daktari hajui. Haya, tumwache. Nakuuliza hivi. Ungekuwa wewe ndiye uliyemkuta siku ile, anaungua vile, anakushika nguo anakuomba barafu, ungempa?"

Maneno yangu yote yalikuwepo. Nilikuwa nimeyanoa siku zote zile. Na jibu nililijua, maana tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi kuliko yeye: nisingempa. Ningempakata, ningelia naye, ningemwita daktari, ila barafu nisingempa, hata angenilaani.

"Ningempa," nikasema.

Wifi Mkubwa alinitazama, akanitazama sana mpaka akauona uongo wangu. Kisha akaangua kilio ambacho hakukilia hata kaburini, ameinamia magoti, kwa sababu katika miaka yote tuliyogombana hakuwahi kunisikia nikimwonea huruma. Nilikaa karibu naye nikamshika mabega. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya.